Uzi: Nakata klasi za D&D kutoka 12 mpaka 4, nani yuko na mie?

#1 Kachori_Kiponda
Asalam aleikum wadau. Mie naendesha D&D toleo la tano (Dungeons and Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa dadu) hapa mjini, kikao chetu kiko ghorofani juu ya duka la mtu, watu sita, na nshafika mahali nataka nikate klasi, yaani zile aina za mashujaa mtu anazochagua. Zile 12 za kitabuni nataka zibaki 4 tu: mpiganaji, mchawi, mganga, mwizi. Basi.

Sababu ni hii. Ramadhani iliyopita tulipata wageni watatu, vijana wa keram, dadu ya pande ishirini hawajawahi hata kuiona. Tumeanza baada ya tarawehe, nikawapa kitabu wachague. Wallahi yakhe mpaka wapiga daku wanapita na ngoma zao chini ya dirisha, mmoja bado ananiuliza sosara na wizadi na woloki wana tofauti gani, wa pili kachukua babariani, yule mpiganaji wa hasira, kaacha kaenda renja, yule wa misituni, karudi babariani, wa tatu kalala kwenye mkeka. Hatukurusha dadu hata moja usiku ule. Wiki ya pili wakarudi wawili, ya tatu hakutokea mtu.

Nipeni maoni. Na msinambie nikanunue kitabu kipya.

#2 Njugumawe
Niko na wewe mia kwa mia. Mchezo wenyewe ulianza na klasi nne tu na watu wakacheza wakafurahi. Haya mengine ni mbwembwe.

#3 Ami_Malindi
Tatu mwanangu, si nne. Ulipotoka 1974, ule wa Gary Gygax na Dave Arneson, klasi zilikuwa mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi kaja 1975 kwenye kitabu cha nyongeza, kaja pamoja na paladini, shujaa wa kiapo.

Mie ami yenu nimeucheza ule wa 1978 nilipokuwa nasoma Uingereza. Mle klasi zishafika kumi, na malenga kawekwa nyuma kabisa kwenye kiambatisho. Na huyo malenga huanzi naye, kwanza uwe mpiganaji, ukipanda leveli (ngazi za uwezo) za kutosha uache uwe mwizi, halafu nao uache, ndio ukasomeshwe na madruidi, wale makasisi wa msituni. Nimecheza miaka miwili sikumuona hata mmoja aliyefika.

#4 Kojani_Mtandaoni
Kagombana kwanza, kaiba, mwisho kaishia kuimba. Ami hiyo mbona ni historia ya jirani yangu 😂

#5 BintWete
Nyote mnasema ya mjini, niacheni Mpemba niseme. Hizo klasi tatu za uchawi ambazo @Kachori_Kiponda anataka azisage ziwe moja, mie ndizo nilizozifahamu bila ya kusoma kitabu. Sosara kazaliwa nao, umo kwenye damu, ukoo wao wanao. Wizadi kausomea, ana kitabu chake, kikiungua kitabu kwisha kazi. Woloki kaenda kwa mwenye nguvu wakaagana, huyu anapewa na yeye anatoa. Hebu kamuulize bibi yeyote huku kwetu, kurithi na kusomea na kufuga ni mambo matatu mbalimbali, na anayeyachanganya anachekwa. Huyo kijana wako wa keram hakushindwa na klasi, kashindwa na majina. Ungemwambia "huyu ana jini lake" angechagua chai haijapoa.

#6 Kojani_Mtandaoni
Nilikuwa nahesabu nione Pemba na uchawi vitakutana kwenye posti ya ngapi. Ya tano. Na mie wa huko huko kwa hiyo msinitukane.

#7 BintWete
Kacheke vizuri. Watu wa Unguja wakizidiwa wanapanda boti kuja wapi?

#8 Kachori_Kiponda
Da Bint hoja yako naipenda, ila hayo ni ya hadithi. Tizama kwenye mchezo wenyewe. Wote watatu wakifika leveli ya tano wanarusha mpira wa moto ule ule, dadu nane za pande sita, adui anaungua vile vile awe kachomwa na aliyerithi au aliyesoma. Sasa mie kwa nini nibebe kurasa zote zile kwa moto mmoja?

#9 Dadu_Mbovu
Si wote watatu. Kwenye kitabu cha 2014 woloki haupati mpira wa moto mpaka awe kaagana na lile shetani la motoni, akiagana na mwengine haumo kwenye orodha yake. Na hata akiupata hauchezi kama wizadi. Wizadi wa leveli ya tano ana nafasi za kurusha uchawi nne za chini, tatu za kati, mbili za juu, na nyingi hazirudi mpaka alale. Woloki ana mbili tu, zote za juu, akipumzika saa moja zimerudi. Yaani mmoja ni kama mtu mwenye mshahara wa mwezi, mwengine ni kibarua wa siku. Ukiwaunganisha, nani atalipwa vipi?

Mie kwenye meza yetu nilikuwa woloki na rafiki yangu wizadi, na tuligombana usiku kucha mara zote kwa sababu mie nataka tupumzike na yeye hataki. Ugomvi ule ndio uliokuwa mtamu.

#10 Mhunzi_wa_Kanuni
Ukikata kata kweli basi, nne za nini. Kuna kitabu cha kanuni za hiari cha 2004, cha toleo la tatu, kimeleta klasi tatu za jumla: mpiganaji, mtaalamu, mwenye speli, yaani mrusha uchawi. Na hata kwenye toleo hili la tano zile kanuni za wasaidizi, wale wanaofuatana na shujaa, ni hizo hizo tatu. Zipo, zishajaribiwa, huna haja ya kuunda. Mganga wa nini wakati kuponya ni speli tu? Mpe mwenye speli achague, anaponya au anachoma.

#11 Njugumawe
Lakini toleo la pili la 1989 lilikuwa na nne. Hilo nina hakika nalo.

#12 Ami_Malindi
Nne ni makundi. Wapiganaji, wachawi, makasisi, na wajanja wa mjini, halafu ndani ya kila kundi ndio zimo klasi zenyewe, paladini na renja wakawekwa na wapiganaji, malenga kawekwa na mwizi. Waliotolewa kweli ni wawili, muuaji na monki. Miaka kumi na moja baadae toleo la tatu likamrejesha monki, jumla zikawa 11. Kwa hiyo kijana usidhani wewe wa mwanzo kukata. Kila anayekata, anayekuja nyuma yake anarudisha.

#13 Kojani_Mtandaoni
Samahani, monki ni yule wa Jozani?

#14 Ami_Malindi
Ni mtawa anayepigana ngumi. Yule wa Jozani ni kima punju na ana adabu kukushinda.

#15 Pweza_Mkavu
Mie nawaona nyote mnahangaika. Tupeni klasi zote. Ile michezo isiyo na klasi ipo tangu zamani, RuneQuest ya 1978 haina kitu hicho, ukitumia upanga unakuwa hodari wa upanga, ukipanda kuta unakuwa hodari wa kupanda kuta, kama maisha. GURPS ya 1986 unapewa pointi unanunua unachotaka. Mvuvi anayejua dua mbili tatu na kuiba kidogo, umemtengeneza, hakuna wa kukuuliza.

#16 Dadu_Mbovu
@Pweza_Mkavu mtu kashindwa kuchagua kimoja kati ya 12, wewe unampa pointi na orodha ndefu kama daftari la deni la duka. Huyo hata Ramadhani ya mwakani hajamaliza.

#17 Ami_Malindi
Mumkumbushe pia na ule Traveller wa 1977, wa safari za anga. Hauna klasi, una kazi uliyofanya kabla, jeshini au melini, unarusha dadu miaka minne minne. Na ukirusha vibaya karakta, yule mtu unayemuigiza, anakufa hapo hapo, mchezo haujaanza. Nimezika watatu usiku mmoja.

#18 Shangazi_Mitihani
Mie mwalimu wa skuli, nimeingia humu kwa sababu mwanangu ndiye aliyekuwa amelala kwenye mkeka 😅 Nilimuuliza asubuhi kwa nini hakucheza. Kanambia "mama walinipa kitabu cha Kiingereza chenye mandishi madogo kama ya dawa, naona haya kuuliza." Sasa nyie mnahesabu nne, tatu, sifuri. Ungempa klasi mbili kwa Kiingereza kile kile angelala vile vile. Mfasirieni ukurasa mmoja. Mmoja tu.

Na tafadhali msiandike "darasa", kuna mtu kaandika kwenye kile kikaratasi chenu "chagua darasa lako", mtoto kajaza Form Three.

#19 Kachori_Kiponda
Shangazi nimecheka mpaka nimemwaga kahawa. Kikaratasi nilikiandika mie. Nisamehe.

#20 Mhunzi_wa_Kanuni
Nakubali lugha ni tatizo ila si lote. Mie wachezaji wangu Kiingereza wanakijua vizuri na bado wanakwama, kwa sababu 12 wala si 12. Kitabu cha 2024 kila klasi ina klasi ndogo nne ndani yake, yaani matawi ya kuchagua, hizo 48. Mtu anaanza kusoma mbele atakuwa nani leveli ya tatu, anaingia mtandaoni kutizama ipi ina nguvu, basi hatoki tena. Kwenye cha 2014 ni vibaya zaidi kwa kasisi na sosara na woloki, wao klasi ndogo wanachagua leveli ya kwanza. Ukitaka kukata kwa urahisi tumia ule waraka wa bure wa kanuni uliowekwa chini ya leseni huria Januari 2023, mle klasi zote 12 zimo lakini kila moja ina klasi ndogo moja tu. Umeshakata bila ya kushika kisu.

#21 BintWete
Hilo la 20 ndio la mtu mzima.

#22 Mzee_Kete
Vijana mie D&D siijui, mjukuu wangu ndiye kanionesha uzi huu. Ila nimecheza bao miaka arubaini na nimewafunza wengi. Bao la Kiswahili ni gumu kwa mgeni, unaanza na kete kumi ubaoni, ishirini na mbili ziko mkononi, kuna kunamua, kuna nyumba, kuna takasa, mtu anachanganyikiwa. Sasa anayejifunza tunamuwekea bao la kujifunza. Mashimo ni yale yale 32, kete ni zile zile 64, mbili mbili kila shimo, hakuna kunamua, anza kuteka. Hatukuziba shimo hata moja. Tumeondoa mwanzo tu. Mwenyewe akishazoea anauliza, babu kwani zile kete za mkononi mnazifanyaje, ndio tunamfunza.

Sijui kama inahusu.

#23 Dadu_Mbovu
Shikamoo mzee. Inahusu kupita zote tulizoandika.

#24 Mhunzi_wa_Kanuni
Shikamoo mzee. Inahusu nusu, kwa heshima zote. Kwenye bao ubao hauchagui, umewekwa mbele yako tayari. Kwenye mchezo huu kuchagua ndio mwanzo wenyewe, kwa hiyo ukiondoa mwanzo umeondoa kuchagua. Basi uwape karakta walioshatengenezwa, lakini hapo mtu anacheza mtoto wa mwenzake.

#25 Chumvi_ya_Chake
Nimechelewa, umeme ulikatika huku tangu jana. Kachori hujajibu swali moja. Paladini unamfanyaje? Ukisema achanganye, leveli tatu za mpiganaji na mbili za kasisi, basi jumla leveli ya tano na bado anapiga pigo moja, wakati paladini halisi leveli ya tano anapiga mawili. Sie tulijaribu hasa haya unayoyataka, tulikata tukabaki na nne, kampeni yetu, yaani hadithi yetu ndefu, tumeiweka Pujini huku Pemba kwenye magofu ya Mkama Ndume, mfalme jabari anawabebesha watu mawe huku wanajikokota kwa makalio kama hadithi inavyosema. Kijana mmoja alitaka shujaa aliyekula kiapo kumuondoa dhalimu. Kiapo! Hiyo ndio paladini tupu. Nikamwambia chukua mpiganaji useme tu umekula kiapo. Akanitizama. "Kwa hiyo kiapo changu hakina kazi?" Sikuwa na jibu, nikamrudishia paladini, yule wa renja naye akasema na mie basi, tuko jirani na msitu wa Ngezi renja atakosaje, na kufika mwezi wa pili zilikuwa tisa.

#26 Njugumawe
Ngezi iko juu kabisa kaskazini, Pujini iko kusini mwa Chake. Ujirani gani huo?

#27 Chumvi_ya_Chake
Kwenye kampeni yangu iko jirani. Mie ndiye DM, mwendesha mchezo.

#28 Pweza_Mkavu
Mnajua kwa nini ziko nyingi? Biashara. Klasi mpya ni kitabu kipya. Hasbro, wale wa vitu vya kuchezea, walipoinunua ile kampuni inayotoa mchezo huu 1999 ndio ikawa moja kwa moja.

#29 Ami_Malindi
Hapana mwanangu, 1978 zishakuwa kumi, Hasbro yuko wapi wakati huo. Renja alitoka kwenye jarida 1975, kaandikwa na mchezaji. Na kasisi nikupe kisa chake. Kwenye meza ya Arneson kule Minnesota, kabla hata mchezo haujachapwa, kulikuwa na mchezaji mmoja kawa vampaya, kawa na nguvu hata wenziwe hawamuwezi. Basi wakamtafutia dawa yake, karakta wa dini anayefukuza maiti wanaotembea. Ndio kasisi huyo. Alizaliwa kwa kumdhibiti mtu mmoja mkorofi. Klasi nyingi ziko hivyo, kuna mtu mezani alitaka kitu, wenzake wakakubali.

#30 Kojani_Mtandaoni
Kwa hiyo popobawa, lile jini la usiku, akiingia mezani tunaunda klasi ya wanaolala nje kwa makundi? Mana 1995 huku ndio ilikuwa dawa.

#31 BintWete
Leveli ya kwanza: mkeka. Leveli ya pili: mkeka na redio.

#32 Dadu_Mbovu
Naomba nirudi nyuma kwenye "mganga" ya Kachori. Sie tulianza kumwita kasisi, mtu mmoja hakupenda. Tukamwita shehe. Siku hiyo tunacheza kwetu, mama yuko chini anachambua mchele, sie juu tunapiga kelele "shehe kamfufua maiti! shehe kamfufua maiti!" Mama kapanda ngazi na ungo mkononi. Nilieleza nusu saa. Tukabadilisha tukasema mganga, ikawa balaa zaidi, mana shehe angalau ana heshima zake. Sasa hivi tunasema tabibu na mama anatuletea kashata.

#33 Shangazi_Mitihani
Tabibu zuri sana. Na yule mwizi je? Mie sipendi mwanangu arudi nyumbani kusema leo nilikuwa mwizi na nimefaulu.

#34 Chumvi_ya_Chake
Sie tunamwita mjanja. Kazi ile ile, anamchoma mtu kisu cha mgongo kwa dadu moja ya ziada leveli ya kwanza, kila leveli mbili inaongezeka. Ila jina la adabu.

#35 Mhunzi_wa_Kanuni
Yaani kwenye kukata klasi tumeingia kwenye kubadilisha majina. Mimi bado nasema tatu.

#36 Kachori_Kiponda
Wadau nimerudi, jana tumekaa, nilete habari.

Kwanza sikukata mpaka nne, nilikata tatu nikashindwa kuendelea, mana kila ninayemtoa namsikia Da Bint. Nikafanya hivi: nikachukua karata za kadi ngumu, kila klasi karata moja, Kiswahili kitupu, mistari mitatu, hakuna namba. Ya woloki nimeandika "Una jini lako. Linakupa nguvu. Linataka kitu." Ya babariani "Ukikasirika huumii sawasawa." Malenga nimeandika "Maneno yako yanauma na yanaponya." Zilikuwa tisa. Nikazimwaga kifudifudi kwenye mkeka, kila mtu avute tatu, arudishe mbili.

Mtoto wa Shangazi kavuta, kasoma, katupa mbili hapo hapo kabaki na ya jini. Dakika haikufika. Wa pili naye hivyo hivyo, malenga. Wa tatu yakhe kavuta tatu kazitizama, kanambia hakuna ninayoitaka mie nataka kuwa mvuvi. Nikamwambia mvuvi si klasi. Kasema basi naomba kuvuta tena. Kavuta mara nne! Dakika arubaini zimekwenda pale pale. Mwisho nimempa mpiganaji mwenye wavu, karidhika.

Kwa hiyo sijui. Wawili kwa mmoja.

#37 Pweza_Mkavu
Posti ya 15. Nilisema. Mvuvi. Nendeni mkasome.

#38 Mhunzi_wa_Kanuni
Kwa klasi tatu huyo mvuvi ni mtaalamu na kazi imekwisha. Hamsikii.

#39 BintWete
Kwa hiyo la jini limechaguliwa kwa dakika moja. Sina la kuongeza. Karata nitumie picha.

#40 Mzee_Kete
Huyo wa tatu alikuwa anataka azungumze nawe, si karata. Nawajua wa namna hiyo.

#41 Dadu_Mbovu
Mwisho mlicheza au hamkucheza?

#42 Kachori_Kiponda
Tulicheza saa mbili nzuri. Pointi za uhai tunahesabu kwa kete za bao, kila mtu na rundo lake. Kasoro dadu ya ishirini, ndio hiyo hiyo moja tuliyonayo, mvuvi kairusha kwa nguvu ikaingia kwenye ule uwazi wa sakafu ya mbao ikaenda dukani chini, na duka lishafungwa. Tukamalizia na simu yenye chaji asilimia nne. Asubuhi nimeshuka kuitafuta nimemkuta mwenye duka kaiweka juu ya mizani, ananiuliza hii ratili gani ina namba mpaka ishirini.

Alkhamis baada ya isha tena. Mwenye chaja aje nayo. Na mwenye dadu ya pili.

#43 Kojani_Mtandaoni
Ntakuja na boti ya asubuhi. Monki kabaki kwenye hizo tisa au kakatwa?